Nguzo Namba 63 Ni Imara

Jumatatu, 3 Machi

Siku ilianza vizuri. Ikaharibika saa tatu. Meneja alituita wakaguzi wote ofisini kwake akatangaza kwamba shirika limepata droni. Ni ndege ndogo isiyo na rubani, itapita juu ya laini ikipiga picha nguzo, nyaya na vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya, ili kasoro ionekane kabla umeme haujakatika. Hiyo ndege isiyo na rubani imekuja na rubani wake. Binti mwembamba, miwani mikubwa, buti hazijawahi kuona tope. Tukamwita Rubani palepale.

Meneja akasema droni lazima ijaribiwe kwanza. Itapiga picha laini moja, nguzo zote themanini, kisha picha zilinganishwe na daftari la mkaguzi. Vikikubaliana, droni inabaki. Visipokubaliana, inarudi ilikotoka. Akauliza daftari la nani limekamilika kuliko yote. Hata hakungoja jibu, akaliinua la kwangu. Halina tope, halina doa, halina ukurasa uliokunjika. Maandishi kama ya kadi ya harusi. Ndiyo maana hapa kazini naitwa Mwandiko. Wenzangu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nikakaza fundo mwenyewe.

Nilikuwa kwenye ngazi nilipoikumbuka nguzo namba 63. Nikaketi palepale.

Nieleze, maana shajara hii haisomwi na mtu. Nguzo 63 imesimama uani kwa Shemeji, kaka wa mke wangu. Mimi na Shemeji hatusemezani, mwaka wa sita huu. Alidai nimemvunjia toroli. Toroli lilivunjika lenyewe! Mimi nilikuwa nimekaa tu ndani yake. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake. Nguzo nyingine nazikagua zote, au karibu zote. Hiyo moja naiandikia nyumbani, kila mwezi, kwenye meza ya chakula: "Nguzo 63: imara. Haina mchwa. Vikombe vizima." Mwezi mmoja niliongeza "inapendeza".

Mwaka jana mkaguzi wa laini jirani aligundulika ameandika ripoti akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Akamwaga unga siku hiyohiyo. Na mimi nina miaka kumi na tisa kazini! Sina ufundi mwingine. Lazima nitumie akili.


Jumanne, 4 Machi

Nimetumia akili. Nilimvizia Rubani boharini akisafisha mapanga ya droni kwa kitambaa cha miwani. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu anayejali, kwamba nguzo 63 ina mwewe wakali. Jike na dume. Nikasema hata mimi hunikimbiza kila mwezi. Nikamwonyesha kovu. Kovu ni la pasi, lakini yeye angejuaje? Nikamshauri airuke hiyo moja, kwa usalama wa mali ya shirika.

Macho yakamng'aa. Akasema tangu aanze kazi anatamani kuona ndege wa kweli akikutana na droni. Akatoa kalamu, akaizungushia 63 duara kwenye ramani yake. Wakati nguzo nyingine zitapigwa picha nne nne, hiyo itapigwa arobaini, pande zote, juu hadi chini! Akanishukuru sana. Alitaka hata kupiga picha kovu langu.

Nimerudi nyumbani nimenywea. Mama watoto akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua.


Jumatano, 5 Machi

Wazo jipya, zuri kuliko la jana. Kama mimi siwezi kwenda kwa Shemeji, mama watoto anaweza. Ni kwao! Huenda kila Jumatano kumjulia hali mama yake, yaani mama mkwe wangu, anayeishi hapo kwa mwanawe. Nikampa simu yangu nikamwomba apige picha uani. Akauliza picha ya nini. Nikasema nimewakumbuka tu. Alinitazama kwa muda mrefu. Miaka sita sijawakumbuka, leo nimewakumbuka na uani kwao.

Jioni akarudi na picha kumi na nne. Mama mkwe akichambua maharage. Mama mkwe akicheka. Watoto wa Shemeji watatu, wamejipanga kwa urefu. Mbuzi. Mbuzi tena. Mama mkwe na mbuzi. Nguzo haipo! Nilikuza kila picha hadi ikawa vidoa vitupu. Katika picha ya kumi na mbili, nyuma ya kiti cha mama mkwe, ndipo nikaiona, shina tu. Kando yake kumeegeshwa boriti mbili nene.

Nikajiuliza boriti za nini. Nikajijibu kwamba ni za kuanikia nguo. Mtu yeyote anaweza kuwa na boriti uani kwake. Nikafunga simu nikaenda kuoga.


Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kesi. Saa mbili asubuhi nilikalia sanduku la betri za droni, nikajitia kiuno kinaniuma, siwezi kuinuka. Rubani akanipa pole na kidonge. Kisha akafungua begi lake akatoa betri nyingine sita. Kwa nini watu siku hizi wanabeba vitu vingi hivi?

Droni ikapaa. Nakiri ilinipendeza kidogo. Ilikwenda ikivuma kuanzia nguzo ya kwanza. Mimi huchukua siku tatu na malengelenge mawili kwa kipande hicho, yenyewe ikamaliza kabla chai haijapoa. Sisi tulisimama barabarani tukitazama tableti ya Rubani. Meneja alikuja, na daftari langu kwapani. Nguzo 1, sawa na daftari. Nguzo 20, sawa. Ya 41 ina kiota cha kunguru, na kwenye daftari nimeandika kiota cha kunguru! Meneja akanipiga begani. Nikaanza kuamini labda Mungu ananipenda.

Ikafika 63. Lo! Nguzo imeinama kama mlevi. Imeshikiliwa na zile boriti mbili. Chini mchwa wamejenga mji wao. Juu kikombe kimoja kimepasuka, na waya umeshikwa na uzi mmoja wa kufungia. Rubani akaguna.  Nikaona kiti cha kinyozi.

Meneja akatazama picha. Akafungua daftari. Akatazama picha tena. Kisha akasema, kwa uchungu, kwamba mashine hii haifai. Wiki tatu tu zilizopita mkaguzi wake bora aliandika nguzo hii ni imara, haina mchwa. Kamera itakuwa imepinda, ndiyo maana inaonyesha vitu vilivyonyooka kama vimeinama. Rubani akasema kamera haioni mchwa wasiokuwepo. Meneja akamwambia Jumatatu afungashe vyombo vyake arudi navyo makao makuu.

Nimeokoka! Niliimba njia nzima. Nilinunua tikiti maji. Afadhali, afadhali, afadhali!

Rubani alipokuwa akikunja mapanga ya droni yake niliona ameivua miwani anapangusa macho. Nikajisemea ni vumbi.


Ijumaa, 7 Machi

Sikufurahi kwa muda mrefu. Asubuhi, tukinywa chai, mama watoto akawa anazungumza, mimi nasikiliza nusu. Akasema mama yake siku hizi kiti chake hakiondoki pale kwenye boriti, maana ndipo penye kivuli, na ndipo anapochambulia maharage kila siku tangu saa nne hadi alasiri. Wajukuu wanacheza miguuni pake. Akasema Shemeji amewakataza watoto kugusa boriti, lakini mama hakatazwi kitu. Halafu akasema upepo wa mwezi huu umeanza mapema.

Nikaweka mkate chini.  Mama mkwe! Mtu ambaye miaka yote sita hajaacha kunitumia salamu, hata mwanawe akinuna. Na mimi nimemwandikia "imara" juu ya kichwa chake.

Nikapiga moyo konde. Lakini kwa siri, si mjinga. Nilijificha nyuma ya stoo, nikapiga simu dawati la dharura, nikaminya pua. Nikasema mimi ni raia mwema, nimepita nguzo 63, inaanguka, leteni mafundi. Karani wa dawati akaniambia nisubiri. Nikamsikia anafungua karatasi. Akarudi akasema asante kwa taarifa, lakini mkaguzi ameandika nguzo hiyo ni imara. Akaendelea kwamba mwenye nyumba naye amepiga simu mara kumi na moja, na kila mara yeye hufungua daftari, husoma "imara", na hufunga malalamiko. Ndiyo utaratibu. Mara moja mwenye nyumba alilia. Lakini daftari ni daftari.

Nikabisha. Nikasema wakaguzi nao ni binadamu, wanaweza kukosea. Karani akasema huyu hakosei, maandishi yake yanasomeka vizuri mno. Kisha akanitakia siku njema, akaniita Mwandiko, akaniomba niache kuminya pua, nitapata mafua.

Mara kumi na moja! Ametia boriti mwenyewe kwa sababu hakuna aliyekuja. Nimejiona mbaya leo. Naandika hivyo hivyo: nimejiona mbaya sana.


Jumamosi, 8 Machi

Niliamka nikasikia mabati ya jirani yanapiga kelele. Upepo! Nikavaa shati kinyume, nikachukua nyundo ya kazi, nikatoka bila chai. Mama watoto aliniuliza naenda wapi. Nilipomwambia naenda kwao, alikaa.

Shemeji alifungua geti mwenyewe. Aliponiona akauliza nani kafa. Nikamwambia bado. Hilo halikuwa jibu zuri, sasa naona. Nikampita nikaenda moja kwa moja kwenye nguzo, na mama mkwe alikuwa hapo tayari, kitini, ungo mapajani. Akafurahi! Akasema nimekonda. Akataka niletewe uji.

Nikagonga nguzo kwa nyundo, jinsi tulivyofundishwa, kwenye shina, kiasi cha goti. Nguzo nzima hulia kwa ukali. Hii haikulia. Nyundo ilizama ndani ikabaki huko. Nilipoivuta ikatoka na konzi ya unga wa mti. Upepo ukaja, waya ukatikisika, boriti moja ikalia kwi. 

 Nikambeba mama mkwe pamoja na kiti chake. Masalale! Mzito yule mama, sikujua. Alinipiga na ungo kichwani mara nne, maharage yakamwagika uani kote, akawa anaita watu kwamba mkwe amerukwa na akili. Sikumtua hadi barazani upande wa pili. Shemeji alikuja mbio amekunja ngumi. Nikamwonyesha nyundo, na ule unga wa mti. Akakunjua ngumi. Akakusanya watoto wote, na mbuzi, akawaingiza ndani. Hatukusemezana bado, lakini tulifanya kazi pamoja vizuri.

Nikampigia Rubani. Simu ilikuwa ngumu ile. Nilimwambia picha yake ilikuwa ya kweli na daftari langu ni la uongo, na mtu asipande nguzo hii, itamwangukia.  Kisha akauliza kama mwewe nao ni uongo. Nikakubali. Akasema anakuja.

Alifika na pikipiki katika dakika kumi na tano, upepo ukiwa umezidi. Akairusha droni hivyo hivyo, ikayumba, ikashikilia. Kwenye tableti tukaona kikombe kimevunjika kabisa na uzi umebaki nusu. Picha zile akazituma moja kwa moja kwa mafundi wa dharura, si kwa karani. Msimamizi wao aliziona akajua kila anachohitaji: nguzo mpya ya urefu gani, vikombe vingapi, kamba ya kushushia. Walikuja na vyote mara moja. Zamani tungekuja kwanza kutazama, tukarudi kuchukua vifaa, tukasahau kikombe, tukarudi tena. Walizima umeme wa mtaa huo tu, wakiwa wamewatangazia watu kwa kipaza sauti kwamba ni kwa muda wa saa moja na nusu tu.

Fundi alipolegeza waya, bila mtu kuigusa, nguzo ikaanguka. Ililala pale pale penye kivuli. Boriti mbili zikavunjika kama njiti. Maharage yakaruka hadi kwenye paa.

Hakuna aliyekuwepo! Hakuna hata kuku! Nikakaa chini mchangani. Nikatazama barazani, nikamwona mama mkwe amekaa kitini na ungo mtupu, mzima, amenuna. Nikalia. Nililia kwa raha, sikuficha, sikusema ni vumbi. Shemeji akaketi kando yangu. Baada ya muda akaniambia nimevaa shati kinyume. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu katika miaka sita.

Saa saba umeme ukarudi. Watu wa mtaani wengi hata hawakujua kwamba walikuwa karibu kukaa gizani wiki nzima. Uji niliunywa, vikombe viwili.


Jumatatu, 10 Machi

Nilijua leo napigwa kalamu. Nilivaa suti. Meneja aliliweka daftari mezani, limefunguliwa, na kando yake picha za Rubani arobaini. Alikuwa amemwita na Shemeji kama mwenye nyumba. Akamuuliza mbele yangu: huyu mkaguzi, kwa miaka sita, alikuja kwako au hakuja?

Nikatazama sakafu. Nikahesabu misumari.

Shemeji akajibu kwamba huja kila mwezi. Anagonga geti, anasalimu wazee, anagonga nguzo, anaandika, anaondoka. Akasema mchwa wa mwaka huu ndio wana haraka. Uso mkavu! Sikujua ukoo ule una vipaji. Meneja akamuuliza kuhusu zile simu kumi na moja. Shemeji akasema ni upweke tu, alipenda sauti ya karani.

Meneja si mtoto. Alimtazama, akanitazama, akamtazama Rubani, ambaye alikuwa akisafisha miwani kwa bidii ya ajabu. Mwishowe akasema uamuzi wake. Droni inabaki, na mwezi ujao zinakuja nyingine mbili. Rubani ndiye mkuu wa ukaguzi. Mimi sikanyagi tena laini. Kuanzia kesho nitakaa ofisini, chini ya Rubani, nizitazame picha zinazoletwa na droni, moja moja, nikiandika hali ya kila nguzo. Akasema hapo hata nikitaka kukwepa nguzo nitashindwa, maana itakuwa inakuja yenyewe mezani kwangu.

Sikufukuzwa! Nilitaka kumkumbatia, suti na kila kitu.

Nje nikamshukuru Shemeji hadi akachoka. Akaniambia nisijidanganye, hakunisaidia mimi. Amemwonea huruma dada yake, kuniona sebuleni kutwa nzima. Kisha akasema Jumapili tuje kula kwake, wote. Mama watoto alipoambiwa alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza.

Nimeapa mbele ya kioo. Kila picha nitaipa dakika nzima. Mchwa hata mmoja hatanipita.


Jumanne, 11 Machi

Siku ya kwanza ya kazi mpya. Kiti kinazunguka! Feni iko juu yangu hasa. Nikafungua komputa nikakuta picha mia nane na arobaini zinanisubiri, laini nzima ya mtaa wetu. Nilitazama ya kwanza dakika nzima, kama nilivyoapa. Nguzo nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu nilitazama hadi macho yakatoa machozi. Nzuri. Nilipofika ya kumi na tisa nikajiuliza: kama kumi na nane zote ni nzuri, kuna sababu gani ya kuzishuku nyingine?

Na ndipo nikagundua komputa ina sehemu ukibonyeza, zinashikwa picha zote kwa mpigo. Ukiandika neno moja, "imara", linajiandika mara mia nane na arobaini. Kwa herufi nzuri, zimenyooka, hazina doa! Saa nne na robo nilikuwa nimemaliza kazi ya wiki mbili. Sijui vijana hulalamikia nini.

Rubani alipita akashangaa. Akasema hakuwahi kuona mtu mwenye bidii hivi, na kwamba alinikosea moyoni mwake. Akauliza kama nimeiona ile ya mwisho mwisho, ya nguzo iliyo nyuma ya jiko la nyumbani kwangu, maana jana, ikipita, droni ilikuwa kama imeona cheche. Nikamwambia nimeitazama kwa makini kuliko zote. Akauliza basi mafundi wasiende? Nikamwambia wasisumbuke, wana kazi nyingi. Akapumua, nami nikapumua, nikatoka kwenda kunywa chai.